Mbaazi si zao la kuweka ghalani

KILA msimu wa mbaazi unapofunguliwa katika mikoa ya Lindi na Mtwara, na baadaye kidogo huko Babati na Kondoa, hujitokeza watu wenye fedha zao mkononi, au fedha za kukopa, wanaotaka kununua na kuweka. Hoja yao ni moja na inaeleweka. Mahindi yanunuliwayo Julai huuzwa kwa faida Februari, wakati ghala za wakulima zimebaki tupu. Mpunga hali kadhalika. Kwa nini mbaazi iwe tofauti?

Ni tofauti kwa sababu anayekula mbaazi za Tanzania hayuko Tanzania. Mahindi hupanda bei Februari kwa kuwa mlaji wa Dar es Salaam au Shinyanga hana mahali pengine pa kuyapata. Sehemu kubwa ya mbaazi za biashara huliwa India, na Februari ndipo India yenyewe inapokuwa shambani ikivuna za kwake. Mfanyabiashara anayefunga ghala lake Septemba akisubiri njaa ya Februari anasubiri njaa ambayo kwa mlaji wa zao hili haiji mwezi huo.

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lililowapotezea watu mitaji yao mwaka 2017, na litawapotezea wengine endapo biashara hii itaendelea kufanywa kwa kufuata kalenda ya mahindi.

Mbaazi ni kichaka cha jamii ya kunde, chenye maua ya njano, ambacho kikiachwa hupita kimo cha mtu. Wataalamu wa mimea wanasema asili yake ni Bara Hindi, na kilifika Afrika zamani sana. Mkulima wa kusini hukipanda pamoja na mahindi mvua za Desemba na Januari zinapoanza. Mahindi huvunwa, kichaka hubaki, hunywa unyevu uliobaki chini kwa mizizi yake mirefu, huchanua mvua zikiwa zimekwisha, kisha huvunwa kuanzia Julai hadi Oktoba kutegemea mahali na aina ya mbegu. Majani yake yakipukutika hurutubisha udongo, na miti yake hugeuka kuni. Mbolea hahitaji, palizi ni ile ile ya mahindi.

Kwa macho ya mtu wa biashara hapo pana mambo mawili. La kwanza, gharama ya mkulima ni ndogo, kwa hiyo hata bei ikianguka mkulima hang'oi kichaka chake. Mzigo utakuja sokoni tu. La pili, uamuzi wa kupanda hufanywa miezi saba hadi tisa kabla ya kujulikana bei. Aliyeuza vizuri mwaka huu hupanda zaidi Desemba, na mazao yake hufika sokoni wakati hali imekwisha kubadilika. Katika somo la uchumi hili hufundishwa darasani kwa mchoro unaofanana na utando wa buibui, na wanafunzi wengi huliona kama nadharia tupu. Mbaazi ni mfano wake halisi, tena kwa nchi mbili kwa pamoja, maana mkulima wa India naye hufanya vivyo hivyo.

Mwenendo wa miaka ya 2014 hadi 2017 unaonyesha. Mvua za masika ya India, zinazonyesha Juni hadi Septemba, zilipungua miaka miwili mfululizo, 2014 na 2015. Mbaazi zikaadimika. Kufikia Oktoba 2015 kilo moja ya mbaazi zilizokobolewa ilikuwa ikiuzwa karibu rupia 200 katika maduka ya miji mikubwa ya India, bei ambayo mlaji wa kawaida wa huko hakuwahi kuiona. Serikali ya nchi hiyo ikaingia kuwasaka wenye kuficha bidhaa. Huku Afrika Mashariki na Kusini mawakala wakashindana vijijini, na bei ya mkulima ikazungumzwa kwa maelfu ya shilingi kwa kilo. Kila aliyekuwa na shamba akapanda.

Bahati mbaya mkulima wa India naye alipanda. Msimu wa 2016/17 mvua zikawa nzuri, na mavuno ya mbaazi ya nchi hiyo yakaruka kutoka tani milioni 2.5 hivi hadi kukaribia milioni 4.9. Ni karibu mara mbili, kwa mwaka mmoja. Bei ya huko ikaanguka chini ya ile ambayo serikali ilikuwa imemhakikishia mkulima wake, na mkulima wa India ana kura. Machi 2017 ikawekwa ushuru wa asilimia 10 kwa mbaazi zinazoingia. Tarehe 5 Agosti 2017 ikaja amri ya kuweka kikomo: tani 200,000 tu kwa mwaka, kutoka duniani kote.

Tarehe hiyo inafaa kutazamwa mara mbili. Agosti ni katikati ya mavuno ya Tanzania. Magunia yalikuwa yamejaa, baadhi yamekwisha kulipiwa, mengine yapo njiani kwenda bandarini. Katika kipindi kifupi bei vijijini ikatoka kwenye maelfu ikaingia kwenye mamia, na sehemu nyingine hapakuwa na mnunuzi kwa bei yoyote. Wabunge wa kusini wakalipeleka suala hilo bungeni. Mkulima aliumia, na habari zake ziliandikwa. Habari za mfanyabiashara wa kati aliyekuwa ameweka tani 10 kwa fedha ya mkopo hazikuandikwa sana, pengine kwa sababu katika nchi hii mwenye kuweka mazao huitwa mlanguzi na hapewi pole.

Waliosubiri bei irudi walisubiri muda mrefu. Kikomo hakikuondolewa hadi Mei 2021. Hakuna mbaazi inayokaa ghalani miaka minne.

Msumbiji katika dhoruba hiyo ilikuwa na mwavuli. Julai 2016, Waziri Mkuu wa India alipotembelea Maputo, nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano ya kuuziana jamii ya kunde, kuanzia tani 100,000 hadi kufikia 200,000 baada ya miaka mitano. Amri ya 2017 haikugusa mikataba ya serikali kwa serikali. Tanzania ilikuwa ikiuza kwa njia ya soko huria, bila karatasi, na ikafungiwa nje. Mwaka 2021 Malawi na Myanmar nazo zikapata makubaliano yao ya miaka mitano, tani 50,000 na tani 100,000 kwa mwaka. Mfanyabiashara anayependa kusema kwamba serikali zisiingilie biashara afikirie vizuri habari hii. Soko huria ni zuri pale ambapo mnunuzi naye ni huria, na mnunuzi wa mbaazi hakuwa hivyo.

Tangu Mei 2021 mlango umekuwa wazi, lakini uwazi wenyewe ni wa namna ya pekee. Ruhusa ilitolewa kwanza hadi Oktoba 2021. Ikaongezwa hadi Machi 2022, kisha Machi 2023, Machi 2024, Machi 2025 na Machi 2026. Mtindo unaonekana: ruhusa ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo huangukia Machi, wakati mavuno ya India yamekwisha kuhesabiwa na serikali yake inajua kama ina upungufu au ziada. Anayeweka mzigo kupita Machi anaweka dau juu ya uamuzi utakaofanyika ofisini New Delhi. Dau hilo limewalipa watu miaka kadhaa. Mwaka 2017 halikulipa.

Ziko nyakati ambapo mambo yaliwanyookea wauzaji wa Tanzania. Mwaka 2023 mavuno ya India yalikuwa hafifu, ushuru wa asilimia 10 ukaondolewa mwezi Machi kwa mbaazi nzima, na mwishoni mwa mwaka mgogoro wa kampuni za kibiashara ukakwamisha mizigo ya Msumbiji katika bandari ya Nacala. Aliyekuwa na mbaazi Dar es Salaam au Mtwara wakati huo alichagua mnunuzi. Bei zikarudi kwenye maelfu. Na kama ilivyo kawaida, hapo ndipo watu wapya walipoingia.

Mwaka wa fedha wa 2024/25 India iliagiza mbaazi zaidi ya tani milioni moja, kiasi ambacho haikuwahi kufikia. Msikilizaji wa haraka angesema soko limekua. Lakini wakati huo huo, tangu Desemba 2023, India ilikuwa imefungua mlango bila ushuru kwa njegere kavu za njano kutoka Canada na Urusi, ambazo ni rahisi kuliko mbaazi na ambazo wenye viwanda na migahawa huzitumia kupunguzia gharama. Mzigo ukazidi, na bei ya mbaazi ikashuka 2025. Njegere hizo zikaja kutozwa ushuru wa asilimia 30 baadaye mwaka huo. Mtu wa Nachingwea anayefuatilia bei ya korosho pekee hawezi kujua kwamba mshindani wake analima karibu na theluji, lakini ndivyo ilivyo.

Hesabu ya kuweka ifanywe sasa, kwa mfano mwepesi. Mtu ana shilingi milioni 4 za mkopo, riba asilimia 3 kwa mwezi, na ananunua tani 4 kwa shilingi 1,000 kwa kilo. Akiweka kwa miezi sita, riba peke yake ni shilingi 720,000. Pango la ghala na dawa ya fukusi, chukulia 150,000, nayo ni makadirio ya mtu mwenye bahati. Mbaazi hukauka, hupekechwa, humwagika. Akipoteza asilimia 5 ya uzito anabaki na kilo 3,800. Ili arudishe fedha yake tu, bila faida hata ya nauli, lazima auze kwa shilingi 1,282 kwa kilo. Yaani bei ipande zaidi ya robo. Mwenye mahindi anaweza kuitarajia robo hiyo kwa sababu ya njaa ya nyumbani. Mwenye mbaazi anaitarajia kutoka wapi, wakati kuanzia Desemba magari yanashusha mbaazi mpya katika masoko ya Kalaburagi na Latur?

Zaidi ya hapo, mnunuzi wake wa ng'ambo hukatazwa kuweka. Juni 2023 serikali ya India ilipoona bei inapanda iliweka viwango vya juu vya akiba kwa wauzaji wa jumla, wa rejareja na wenye mashine, na waagizaji wakaambiwa wasikae na mzigo zaidi ya siku 30 tangu utoke forodhani. Juni 2024 viwango vikawekwa tena. Maana yake ni kwamba mnunuzi akihisi amri inakuja, hupunguza kununua mapema, na anayebaki na mzigo ni yule wa Tanzania ambaye hakuna aliyemwandikia barua.

Kwa hiyo faida ya mbaazi ipo katika mzunguko wa haraka. Mavuno ya huku hufika katika pengo kati ya Agosti na Novemba, akiba ya zamani ya India ikiwa imepungua na mpya haijakomaa. Hilo ndilo dirisha. Mzigo ulionunuliwa Agosti unapaswa kuwa melini Septemba au Oktoba. Anayeweza kuzungusha mtaji wake mara tatu katika dirisha hilo kwa faida ya shilingi 60 kwa kilo ana uhakika kuliko anayengojea shilingi 300 mara moja.

Na kabla ya kununua gunia la kwanza, kitu cha kutazama ni mvua ya Julai katika majimbo ya Karnataka na Maharashtra, ambako mbaazi za India hupandwa Juni na Julai. Mvua ikichelewa huko na eneo lililopandwa likipungua, bei ya Agosti kusini mwa Tanzania itakuwa na nguvu. Mvua ikiwa nzuri, mfanyabiashara awe mwepesi. Takwimu za upandaji hutolewa na serikali ya India mara kwa mara katika msimu, na yeyote mwenye simu leo anaweza kuzisoma. Ni ajabu kwamba watu wanaoweza kutaja bei ya mbaazi katika vijiji kumi vya Ruangwa hawaulizi kabisa kama huko mvua imenyesha.

Kuna wanaosema matatizo haya yalikwisha mbaazi zilipoingizwa katika stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza na korosho Mtwara msimu wa 2007/08, ambapo mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi na mzigo kuuzwa kwa mnada. Mfumo huo una faida zake. Mizani ni moja, lumbesa imepungua, kangomba amebanwa, na bei ya mnada inajulikana kwa wote siku ile ile. Lakini mnada hugawa bei iliyopo kati ya mkulima, chama na mnunuzi. Hautengenezi bei. Siku wanunuzi wa ng'ambo wasipotaka mzigo, hata mnada ukiendeshwa kwa uadilifu kiasi gani, bei zitakazotajwa zitakuwa ndogo.

Kwa mfanyabiashara mdogo mfumo huo umebadilisha jambo jingine: umemwondoa kijijini. Hawezi tena kuzunguka na mizani yake akikusanya gunia moja moja, na katika mnada hana ubavu wa kushindana na kampuni inayotaka tani 500. Malalamiko ya watu hawa yana haki yake, maana ndio walionunua miaka ambayo vyama vya ushirika vilikuwa vimekufa. Hata hivyo kulalamika hakurudishi nafasi ile. Kilichobaki ni kutazama mbaazi zinazoliwa hapa hapa.

Nazo zipo. Pwani yote kuanzia Kilwa hadi Lamu asubuhi haijakamilika bila mbaazi za nazi na mahamri, na wauzaji wa chakula hicho hununua kila juma, mwaka mzima, bila kuuliza New Delhi imesema nini. Kenya, hasa Machakos, Kitui na Makueni, mbaazi ni chakula cha kila siku, zikiliwa mbichi na kavu. Soko hili ni dogo na halitamaliza tani za kusini, lakini kwa mtu wa tani tatu au nne linatosha, na hulipa kwa fedha taslimu. Hapa ndipo kuweka kidogo kunaweza kuwa na maana, kwa sababu mlaji wa hapa hana mavuno mengine Februari. Ila atake nyeupe, kubwa, isiyotobolewa. Mbegu nyeupe za Babati zinajulikana kwa hilo, na mnunuzi wa Tanga au Mombasa huzitambua kwa kuzitia kiganjani.

Kukoboa kunazungumzwa sana katika semina. Hesabu yake si mbaya: mbaazi nzima ikikobolewa vizuri hutoa karibu asilimia 70 ya zile zilizopasuliwa, na makapi ni chakula cha ng'ombe. Lakini mwekezaji asome sheria kabla ya kuagiza mashine. Msamaha wa ushuru wa India wa 2023 ulitolewa kwa mbaazi nzima. Zilizokobolewa ziliachwa na ushuru wao. India inataka kazi ibaki katika viwanda vyake, na haina sababu ya kuona haya. Kwa hiyo kiwanda cha Dar es Salaam au Lindi kikijengwa kwa kutegemea kuuza India kitaanza biashara kikiwa nyuma kwa ushuru. Kinapaswa kulenga familia zenye asili ya Bara Hindi walioko Ghuba, Uingereza na Amerika Kaskazini, pamoja na zile za Dar es Salaam na Nairobi, wanaonunua pakiti ya kilo moja au mbili dukani na wanaodai usafi na rangi inayofanana. Biashara hiyo inahitaji mtaji wa kungoja na mtu anayejua kufungasha. Haifai kwa fedha ya SACCOS ya miezi sita.

Mwaka 2025 India ilitangaza mpango wa miaka sita wa kujitosheleza kwa jamii ya kunde, na katika bajeti ya mwaka huo iliahidi kununua mbaazi zote ambazo wakulima wake wangezileta kwa bei iliyowekwa, kwa miaka minne. Bei hiyo kwa msimu wa 2025/26 ilikuwa rupia 8,000 kwa kila kilo 100. Mipango ya namna hiyo haitimii yote, na mvua ya Karnataka haisomi bajeti. Lakini bei hiyo ni namba ambayo mnunuzi wa Mtwara anapaswa kuiandika ukutani, kwa sababu kila mara bei ya soko la India inapokuwa chini yake, shinikizo la kufunga mlango huongezeka, na inapokuwa juu yake meli za mbaazi hupokewa. Mwenye mzigo Oktoba atazame namba hizo mbili na tarehe ya ruhusa, na kama bei ya soko iko chini auze kwa chochote kinachorudisha mtaji.